Jinsi ya kuomba mkopo wa chuo: kwa anayekuja kusoma Mwanza

Steshenari ninayofanyia kazi iko Nyegezi, si mbali na Kona, pale unapochepuka kwenda Malimbe, kilipo chuo kikuu cha SAUT. Kuanzia Juni hadi Agosti kazi yetu kubwa si kutoa kopi za noti, ni kujaza maombi ya mkopo wa Bodi, yaani Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB). Nimejaza mengi mpaka mtoto akiingia na bahasha mkononi nakisia atakwama wapi. Karibu wote wanakwama kwenye karatasi ambayo iko nyumbani, na nyumbani ni Nansio, Kome au Bariadi. Kwa hiyo, mdogo wangu, soma hii kabla hujapanda gari.

Anza na majina

Toa cheti cha kuzaliwa na cha kidato cha nne, viweke pamoja mezani, soma herufi moja moja. Nilimpata kijana ambaye cheti kimoja kinasema Mabula na kingine Mabulla. Herufi moja tu! Mwalimu wa darasa la saba aliandika anavyosikia, na kosa likasafiri naye hadi kidato cha sita bila mtu kulishtukia. Wapo wengine ambao shuleni waliacha jina la babu wakaweka la ukoo.

Tofauti ikiwa ya herufi, au jina moja likikosekana, mwone wakili akuandikie kiapo. Jina likiwa jingine kabisa, utahitaji hati ya kubadili jina, nayo ina usajili wake, usiiache mpaka wiki ya mwisho. Kosa likiwa kwenye cheti cha kuzaliwa chenyewe, pa kuanzia ni ofisi ya Mkuu wa Wilaya, kwa msajili wa vizazi na vifo.

Majina yakishakaa sawa, peleka cheti cha kuzaliwa kikahakikiwe na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, kupitia mfumo wao wa mtandaoni. Aliyefiwa na mzazi ahakiki na cheti cha kifo, maana ndicho kinachomtambulisha kama yatima. Maelezo ya mdomo hayahesabiki. Uhakiki huu ufanye hata kabla dirisha la mkopo halijafunguliwa. Wengi huukumbuka Agosti, wakati nchi nzima nayo imeukumbuka.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujakaa kwenye kompyuta

Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, yenye tarakimu 20, picha ndogo yako na ya mdhamini, kitambulisho cha mdhamini, akaunti ya benki yenye jina lako mwenyewe, na laini ya simu.

Laini hiyo iwe yako. Nalisema hili nikijua nawaharibia wenzangu wa steshenari: usikubali mtu akusajilie kwa namba yake eti "nitakupigia majibu yakitoka". Akihama, au mkikosana kwa elfu mbili, umefungiwa nje ya ombi lako mwenyewe. Namba hiyohiyo itumie kwenye maombi ya chuo, kwa sababu ukidahiliwa vyuo zaidi ya kimoja, TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, hutuma namba ya siri kwa ujumbe wa simu ili uthibitishe kimoja tu. Kila mwaka kuna aliyetupa laini kwa sababu ya bando la bei nafuu kwingine. Neno la siri nalo andika kwenye daftari.

Kujaza

Maombi yote hufanyika kwenye mfumo wa Bodi, olas.heslb.go.tz. Unafungua akaunti kwa namba ya mtihani wa kidato cha nne. Kama ulirudia mtihani na una namba mbili, tumia ileile uliyoombea chuo. Ukichanganya, ombi la mkopo na udahili wako havitakutana. Mfumo utakupa namba ya malipo, ambayo sote tunaiita kontrol namba, ulipie shilingi 30,000 kwa simu au benki. Hazirudi, hata ukikosa mkopo.

Sehemu za wazazi na shule ulizosoma jaza ukweli. Kaya yenu ikiwa kwenye mpango wa TASAF wa kusaidia kaya maskini, beba namba yake. Ukisomeshwa na shirika sekondari, barua ya ufadhili iambatane. Mengine yanajieleza.

Saini

Hapa ndipo pagumu kwa watu wa ziwani. Ukimaliza kujaza unachapa fomu, halafu kurasa za saini zinazunguka: wewe, mdhamini, kiongozi wa serikali ya mtaa au kijiji pamoja na mhuri wake, kisha hakimu au wakili. Mjini unaweza kuimaliza asubuhi moja. Lakini mdhamini wako akiwa mzee aliyeko kambi ya dagaa, hesabu mwezi wa angani.

Sitanii. Dagaa huvuliwa kwa taa, siku za giza. Mwezi ukiwa mpevu taa haifui dafu, mitumbwi inapumzika, na ndipo wazee wanarudi nyumbani kuona familia. Dada mmoja wa Ukerewe alipanda meli kwenda Nansio na fomu mkononi, akakuta baba yuko kisiwani kwenye giza, mtandao hakuna. Akalala siku sita akimsubiri, na mwenyekiti wa kijiji naye alipopatikana, mhuri ulikuwa kwa mtendaji. Angetazama mbalamwezi kabla ya kukata tiketi, safari ingekuwa ya siku mbili.

Wanaotoka Sengerema na Geita siku hizi wamepona: foleni ya kivuko Kigongo ilikwisha daraja la Busisi lilipofunguliwa mwaka 2025. Kwenda kufuata saini na kurudi siku hiyohiyo kunawezekana.

Saini zikitimia, skani kwa mashine. Picha ya simu yenye kivuli cha kidole chako, mhuri ukiwa umefifia, ni kujitafutia kurudishiwa fomu. Pakia, halafu usiondoke mpaka uone ombi limesomeka kuwa limewasilishwa. Kuhifadhi na kuwasilisha ni vitu viwili.

Ukishatuma

Majina ya waliopata hutoka kwa awamu, hivyo kukosa awamu ya kwanza si msiba. Ingia kwenye akaunti yako uangalie. Usitegemee orodha za kwenye magrupu ya WhatsApp. Ukikosa kabisa, au ukipewa kidogo, subiri dirisha la rufaa ukiwa na nyaraka ulizozikosa mwanzo.

Mkopo wenyewe hauji mfukoni mpaka ufike chuoni, ujisajili, kisha usaini kwa alama ya kidole. Fedha ya chakula na malazi, yaani bumu, hukokotolewa shilingi 10,000 kwa siku na hutolewa kwa mafungu. Na ujue kabisa: ukiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara itakatwa kila mwezi mpaka deni liishe.

Kati ya kusaini na simu kulia kwamba fedha imeingia kuna siku za kupita, na mwenye nyumba Malimbe hazijui siku hizo. Anataka kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo, dalali naye anataka chake. Hela ya chumba itoke nyumbani, usiipigie hesabu kwenye bumu. Mimi mwaka wa kwanza mama alinifungashia debe la michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, na furushi la dagaa, nikaona aibu kushuka navyo stendi. Wiki ya tatu wenzangu wa vyumba vya jirani walikuwa wanabisha hodi na sahani.