Somo: Amebakwa, mnaanzia wapi? (Someni kabla ya kunifuata inboksi)

Nimejibu swali hili mpaka vidole vimechoka. Mimi ni nesi hapa Mbeya, naandika mara moja tu.

1. Hospitali kwanza. PF3, ile fomu ya polisi, itafuata akiwa ameshapokelewa. Penye kituo cha Mkono kwa Mkono, daktari, polisi na ustawi wa jamii mtawakuta sehemu moja.

2. Asioge wala asinawe. Ameshaoga? Mleteni hivyohivyo.

3. Nguo. Hapa ndipo nilipoharibu. Mwaka wangu wa kwanza kazini, jirani alinigongea usiku wa mvua. Nikamvua gauni likiwa bichi, nikalitia kwenye mfuko wa nailoni na kuupiga fundo. Siku ya tatu ulipofunguliwa, harufu ya ukungu ilijaa chumba. Ushahidi ulikuwa umeoza mikononi mwangu, na yule dada hakunilaumu hata kwa neno. Basi: aje na nguo alizovaa, sisi tutamvua. Kama ameshabadilisha, usifue, usikung'ute, usianike juani. Zikauke ndani, kila moja kwenye bahasha yake ya kaki. NAILONI HAPANA.

4. Dawa. Anapimwa VVU, kisha PEP (dawa za kuzuia VVU) ndani ya saa 72, kila saa ina thamani. Anameza siku 28 bila kuruka. Kuzuia mimba: P2 (vidonge vya dharura) au kitanzi cha shaba ndani ya siku 5. Pia dawa za magonjwa ya zinaa, chanjo ya homa ya ini B, na ya pepopunda akiwa na jeraha.

MASWALI

Kaka wa Mwanjelwa: Bila PF3 watamtibu kweli?
— Namba 1. Rudi juu.

Kaka wa Mwanjelwa: Sawa, ila alivaaje huyo dada?
— Gauni. Likaoza kwenye nailoni. Una swali la matibabu?

Mama Neema, Tukuyu: Shikamoo dada. Leo ni siku ya nne, binti ndiyo kwanza amesema. Tumechelewa?
— Marahaba mama. PEP imepita, mengine bado. Mpeleke leo hii: P2 inafaa mpaka siku ya 5 ingawa nguvu yake inapungua, kitanzi cha shaba ni imara zaidi. Akitapika P2 ndani ya saa mbili, arudie. Kipimo cha VVU kirudiwe wiki ya 6 na mwezi wa 3. Na kama hajafika miaka 18, piga 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure.

Mama Neema, Tukuyu: Anaogopa daktari mwanaume.
— Aombe mwanamke, nawe ukae naye. Akisema basi katikati ya uchunguzi, unasimama, na dawa anapata vilevile.

Fundi wa Mafinga: Mdogo wangu wa kiume je?
— Yote isipokuwa P2 na kitanzi. Mlete, kaka, asione haya.

Bibi wa Uyole: Mbebeeni kitenge na sweta. Nguo zinabaki hospitali, na Juni huku anarudi akitetemeka.
— Bibi, asante. Na kandambili.