Kutoboa wingu la pwani ya California kwa kibali cha VFR on top

Mei na Juni, asubuhi nyingi pwani ya kusini mwa California hufunikwa na wingu linalotoka baharini. Uwanja wa ndege wa Torrance unafunikwa kabisa, kumbe futi elfu mbili hivi juu kuna jua kali. Kijana ninayemfundisha urubani alitaka kujaza mpango mzima wa IFR (kuruka kwa kufuata vyombo) hadi Palm Springs, upande wa mashariki. Hakuna haja. Waombe waongozaji wa ndege kibali kifupi cha kutoboa wingu, kiitwacho VFR on top, halafu endelea kwa VFR (kuruka kwa kuona nje).

Hatua ya 1. Daraja lako la IFR (sifa ya rubani ya kuruka kwa vyombo) liwe hai, na ndege iwe imekaguliwa kwa IFR. Huna? Kanywe kahawa, usubiri jua.

Hatua ya 2. Jua wingu linaishia wapi. METAR (ripoti ya hali ya hewa ya uwanja) inakupa tako la wingu tu, haikuambii juu lina unene gani. Mimi naamini ripoti ya rubani aliyetoka kupita hapo sasa hivi kuliko apu yoyote yenye michoro ya rangi.

Hatua ya 3. Ita ground (mwongozaji wa ndege zilizo chini uwanjani), omba "IFR to VFR on top". Shika kalamu na karatasi. Tableti iache.

Hatua ya 4. Hapa ndipo watu wanapokwama. Utapewa kikomo cha kibali (mahali kinapoishia), mfano VOR ya Seal Beach (kituo cha redio cha kuongozea ndege), kisha maneno haya: usipokuwa juu ya wingu ifikapo futi 4,000, baki 4,000 na utoe taarifa. Hiyo 4,000 si mahali unapotakiwa kufika. Ukifika bado umo kwenye wingu, acha kupanda na useme. Usijiongezee hata futi mia.

Na kutokeza juani si kuwa "on top". Chini ya futi 10,000, katika anga ya daraja E (moja ya madaraja ya anga inayosimamiwa), VFR inadai uwe futi 1,000 juu ya wingu na uone maili 3. Wingu likiishia 2,300, unaripoti ukifika 3,300, si ukiona bluu ya kwanza.

Ukisharipoti bado uko IFR. Kibali hakijifuti. Ukitaka kubaki nacho, fuata njia uliyopewa, usishuke chini ya kimo cha chini cha IFR, na ushike vimo vya VFR: kuelekea mashariki ni 5,500 au 7,500. Macho yawe nje, maana kukwepa ndege nyingine sasa ni kazi yako.

Hatua ya 5. Futa IFR kwa kutamka. Lakini tazama ramani kwanza: ukishafuta, huruhusiwi kuingia daraja B la Los Angeles (anga inayozunguka uwanja wake mkubwa) mpaka usikie ruhusa yenyewe. Mimi husubiri niwe nje kabisa ya mipaka yake, ndipo nafuta na kuomba kufuatwa kwa rada hadi kwenye kipito cha Banning, kati ya milima njiani kwenda Palm Springs.

Kurudi, kibali hiki hakikusaidii. Wingu likiwa bado limelala Torrance, utahitaji aprochi kamili ya IFR (kushuka hadi uwanjani kwa vyombo), au mafuta ya kutosha kutua bara na kungoja liyeyuke.