Namna ya kumtambua mgonjwa wa pepopunda aliye katika hatari kubwa ya kufa

Mwongozo huu ni kwa matabibu na wauguzi wa zahanati na vituo vya afya vya kandokando ya Ziwa Victoria, ambao ndio humpokea mgonjwa wa pepopunda kabla hajafikishwa Bugando, hospitali ya rufaa iliyoko Mwanza. Mapitio ya miaka 10 ya wagonjwa waliolazwa katika hospitali hiyo, yaliyochapishwa mwaka 2011, yalihusu wagonjwa 102, wengi wao wanaume, na takriban asilimia 43 walifariki. Anayempokea mgonjwa wa namna hii anapaswa kuikadiria hatari yake mapema, kwa kuwa ukadirio huo ndio utakaoamua kama anaondoka leo hii au anasubiri chombo cha kesho.

Anza na siku, kabla hujagusa kidonda. Muda wa kwanza wa kuuliza ni ule wa tangu alipoumia hadi dalili ya kwanza, ambao kwa kawaida ni kati ya siku 3 na 21. Ukiwa chini ya siku 7, hatari ni kubwa. Muda wa pili ni wa tangu taya lilipoanza kukaza, au alipoanza kushindwa kumeza, hadi mkazo wa kwanza wa mwili mzima. Ukiwa chini ya saa 48, mjiandae kwa ugonjwa mkali. Kwa maoni yangu huu wa pili ndio wa kutegemewa zaidi, kwa sababu hauhitaji mgonjwa akumbuke jeraha ambalo pengine hakulijali, na ndugu waliomleta huwa wameushuhudia wenyewe.

Usiulize tarehe tu. Mvuvi wa dagaa huhesabu kwa giza na mbalamwezi, kwa hiyo muulize kama aliumia katika giza hili au kabla ya mbalamwezi iliyopita. Mkulima wa Magu au Sengerema muulize ilikuwa kabla au baada ya mnada. Muulize pia alianzia wapi kutafuta tiba, maana wapo wanaodhani ni jino na wapo wanaopelekwa kwa mganga wakidhaniwa kuwa na degedege, na siku hizo zote sumu huwa inaendelea kuingia katika mishipa ya fahamu.

Kisha tafuta mahali vijidudu vilipoingilia. Kitovu cha mtoto mchanga, jeraha la moto, mji wa mimba baada ya kujifungua au kutoa mimba, mfupa uliovunjika na kutoboa ngozi, kidonda cha upasuaji na sindano ya msuli huongeza hatari. Kagua nyayo, katikati ya vidole na ndani ya masikio. Tundu la mwiba wa samaki aitwaye gogogo linaweza kuwa limeshafunga kabisa.

Sasa pima. Joto linalozidi nyuzi 38.4 na mapigo ya moyo yanayozidi 120 kwa dakika kwa mtu mzima, au 150 kwa mtoto mchanga, ni dalili mbaya. Kipimo kinachojulikana kwa jina la Dakar hutoa alama moja kwa kila kimoja kati ya mambo sita: muda wa kwanza mfupi, muda wa pili mfupi, kidonda cha aina zilizotajwa, kuwapo kwa mikazo, homa hiyo na mapigo hayo. Alama 4 ni ugonjwa mkali. Zikifika 5 au 6, zaidi ya nusu ya wagonjwa hufa. Umri haumo katika hesabu hiyo, lakini uzingatie, kwani wazee wa zaidi ya miaka 60 hufa zaidi.

Mwenye alama nyingi anahitaji hospitali yenye mashine ya kupumulia na wataalamu wa kutoboa koo, kwa kuwa mkazo wa koromeo unaweza kumziba pumzi ghafla. Hata hivyo, kelele, mwanga na mitikisiko huamsha mikazo, na injini ya boti ina vyote viwili, kelele na mtikisiko. Mpe diazepamu, dawa ya kutuliza mikazo, kabla ya kuondoka, mlaze ubavu, mfunike macho, usimpe chochote mdomoni, na asafiri na muuguzi mwenye dawa ya akiba na kifaa cha kusaidia kupumua. Kama kituo kina dawa ya kuzima sumu, apewe hapo hapo, kwani haiiondoi sumu iliyokwisha kushika neva.

Wodini, wasaidizi wasilegee mikazo inapopungua. Katika juma la pili shinikizo la damu linaweza kupanda na kushuka bila mpangilio, jasho likamtoka sana na moyo ukasimama, kwa hiyo vipimo viandikwe usiku pia.

Kuugua pepopunda hakumwachii mtu kinga. Apewe chanjo kabla ya kuruhusiwa, ya pili baada ya wiki 4 na ya tatu baada ya miezi 6, na kadi iandikwe jina la zahanati iliyo karibu na mwalo anakovulia.