Namna ya kuandaa jedwali la sakafu na dari kwa uchumi wa eneo lako

Mwaka 1934 Simon Kuznets, mchumi aliyeongoza kazi ya kuhesabu pato la taifa la Marekani, aliliandikia Bunge la nchi hiyo kuwa ustawi wa watu hauwezi kusomwa kutoka kwenye kipimo cha mapato peke yake. Onyo halikufuatwa. Hadi leo msitu ukikatwa, mbao huingia kwenye hesabu na visiki havimo. Mzazi akimlea mwanawe hakuna kinachoandikwa. Akilipwa kumlea wa jirani, pato linapanda.

Mwongozo huu unahusu kazi moja tu: kuandaa jedwali la eneo lenye bajeti yake, iwe wilaya, manispaa au kijiji kikubwa, linaloonyesha nani yuko chini ya maisha yanayomstahili binadamu na ni wapi matumizi yamezidi uwezo wa mazingira. Msingi wake ni mchoro wa donati alioutoa mchumi Kate Raworth mwaka 2012. Duara la ndani ni sakafu, ambayo tangu toleo la mwaka 2017 ina mahitaji 12 kama maji, chakula, afya, elimu, makazi na sauti katika maamuzi. Duara la nje ni dari: mipaka 9 ya mifumo ya dunia, yaani viwango ambavyo shughuli za binadamu hazipaswi kuvivuka, iliyopendekezwa mwaka 2009 na wanasayansi wakiongozwa na Johan Rockström. Tathmini ya mwaka 2023 ilikuta mipaka 6 kati ya hiyo 9 imekwisha kuvukwa.

Kuchora donati ni kazi ya saa moja. Kinachoshinda wengi ni kuifanya namba iguse kifungu cha bajeti, ndiyo maana hatuanzi na takwimu.

Anza na maamuzi

Orodhesha maamuzi matano hadi manane yatakayofanywa na mamlaka ya eneo katika miezi 18 ijayo: barabara ipi ijengwe, ardhi ipi ibadilishwe matumizi, ada ipi ipandishwe, zabuni ipi itangazwe. Kwa kila uamuzi uliza: ni namba gani ingewafanya wajumbe waamue vingine? Hizo ndizo namba zako. Kiashiria kisichoweza kubadilisha uamuzi wowote kiache, hata kama takwimu zake zipo tayari na zinavutia.

Lenga viashiria 12 hadi 18. Vikizidi 20 hakuna mjumbe atakayefika ukurasa wa pili. Wachaguzi wa viashiria wasiwe wataalamu peke yao. Kundi la wakazi 24 hadi 40 lililopatikana kwa kura ya bahati, likiwa na uwiano wa jinsia, umri na mtaa, linatosha kwa vikao vitatu vya siku moja moja. Walipe posho ya siku na uandae malezi ya watoto ukumbini, la sivyo watakaobaki ni wastaafu na wenye ajira za kudumu.

Kila mstari wa jedwali uwe na visanduku sita: kinachopimwa kwa maneno ya kawaida, kiwango cha sakafu au dari, hali ya sasa, walio nje ya kiwango (idadi na mahali), afisa anayewajibika, na kifungu cha bajeti kinachohusika. Viwili vya mwisho ndivyo huachwa wazi. Mstari usio na afisa wala kifungu usiupeleke mbele. Urudishe ukafanyiwe kazi.

Kuhusu muda, anza miezi minane kabla ya bajeti kupitishwa: miwili ya kuchagua viashiria, mitatu ya kukusanya, mmoja wa kuhakiki, na miwili jedwali likiwa mezani kabla ukomo wa bajeti wa kila idara haujapangwa. Likifika baada ya ukomo kupangwa litapongezwa na kuwekwa kabatini.

Sakafu: hesabu watu, si wastani

Wastani ni mjanja. Chukua kaya kumi: tisa zinapata 100 kila moja, moja inapata 2,000. Wastani ni 290, kiasi ambacho hakuna kaya hata moja inayokipata. Panga kaya kuanzia ya chini hadi ya juu, soma thamani ya katikati (hapa ni 100), kisha andika ni kaya ngapi ziko chini ya sakafu. Kwa mgawanyo wa mapato, uwiano wa Palma unaeleweka haraka: fungu la asilimia 10 ya juu ligawanywe kwa fungu la asilimia 40 ya chini. Ukiwa 1, makundi hayo mawili yanapata sawa. Ukiwa 3, kundi dogo la juu linapata mara tatu ya lile kubwa la chini.

Viwango vya sakafu usivibuni kama vipo vilivyokubalika. Kwa maji, ufuatiliaji wa Umoja wa Mataifa huita huduma "ya msingi" pale chanzo kinapokuwa kimeboreshwa (kimekingwa dhidi ya uchafu) na safari ya kwenda, foleni na kurudi haizidi dakika 30. Pima foleni pia. Dodoso linalouliza umbali peke yake hulipatia eneo alama nzuri wakati watu wanasimama bombani saa mbili. Kwa makazi, UN-Habitat, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, huhesabu msongamano kuanzia watu zaidi ya watatu kwa chumba. Kwa vumbi laini la hewani (PM2.5), mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2021 ni maikrogramu 5 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa mwaka, wengi hawaufikii, lakini usiushushe ili jedwali lipendeze. Weka lengo la kati pembeni, na kiwango chenyewe kibaki palepale.

Kazi ya malezi isiyolipwa haina budi kuwa na mstari wake. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2018 kuwa dunia hutumia saa bilioni 16.4 kwa siku katika kazi hiyo, na wanawake hufanya asilimia 76.2. Kuipima hutumika shajara ya saa: gawa siku katika vipande 96 vya dakika 15, jaza siku moja ya kazi na moja ya mapumziko, na weka safu mbili, shughuli kuu na ya pembeni. Bila safu ya pili, ulezi hupotea kabisa, kwa sababu anayepika huku akimchunga mtoto huandika "kupika". Hapa ndipo uamuzi hubadilika: kituo cha kulea watoto au kisima cha karibu, ambavyo kwenye hesabu ya kawaida ni gharama tupu, huanza kuonekana kama saa zilizorudishwa kwa watu.

Sampuli ya kaya 385 zilizochaguliwa kwa bahati nasibu hutoa makadirio yenye kosa la asilimia 5 juu au chini, kwa uhakika wa asilimia 95. Lakini wadadisi kwa kawaida hufanya kazi kwa vishada, mtaa mmoja kaya kumi, na majirani hufanana. Zidisha idadi mara mbili, yaani kaya 770. Ukitaka kulinganisha sehemu mbili za eneo, kila sehemu inahitaji sampuli yake kamili. Kugawa 770 kwa vitongoji 20 na kutangaza kipi kinaongoza ni kupiga ramli.

Dari: shusha mipaka ya dunia hadi eneo lako

Hapa watu wengi hukata tamaa, kwani mipaka imeandikwa kwa dunia nzima. Njia rahisi ya kuanzia ni fungu sawa kwa kila mtu. Tuchukue naitrojeni na fosforasi, virutubisho ambavyo vikizidi hutiririka mtoni na ziwani, mwani ukashamiri na samaki wakakosa hewa. Mipaka ya dunia ni takriban tani milioni 62 za naitrojeni na milioni 6.2 za fosforasi ya mbolea kwa mwaka. Gawa kwa watu bilioni 8: kilo 7.75 na kilo 0.775 kwa kila mtu. Eneo la watu 200,000 lina fungu la tani 1,550 za naitrojeni na tani 155 za fosforasi.

Upande wa matumizi, anza na rekodi za mauzo ya mbolea. Mfuko wa kilo 50 wa yurea (asilimia 46) una kilo 23 za naitrojeni. Mfuko kama huo wa mbolea ya DAP, wenye alama 18-46-0, una kilo 9 za naitrojeni, na sasa angalia kosa linaloharibu hesabu nyingi: ile 46 si fosforasi, ni P2O5, yaani fosforasi pamoja na oksijeni iliyoungana nayo. Izidishe kwa 0.436. Kwa hiyo mfuko una kilo 23 za P2O5 lakini kilo 10 tu za fosforasi, sawa na fungu la mwaka la watu 13 hivi. Asiyegeuza atatangaza maradufu ya matumizi halisi, na mtaalamu wa kilimo wa kwanza atakayelisoma jedwali atalitupa lote.

Fungu sawa lina mipaka yake. Wilaya ya wakulima inayolisha miji mitano itaonekana mkosaji, na mji unaokula mazao hayo utaonekana msafi. Andika safu mbili: kilichotumika ndani ya eneo, na kilichomo ndani ya vitu vinavyoliwa na kutumiwa na wakazi (cha ndani, ongeza kilichoingizwa, toa kilichouzwa nje). Ni hivyo hivyo kwa hewa ya ukaa. Safu ya pili itakuwa ya makadirio, na isemwe hivyo. Aidha, mashamba yenye udongo uliochoka huenda yakahitaji mbolea zaidi, si pungufu. Dari haisomwi bila sakafu ya chakula kando yake.

Jihadhari na neno "ufanisi". Matumizi ya maji kwa kila kitengo cha uzalishaji yakipungua asilimia 2 kwa mwaka huku uzalishaji ukikua asilimia 3, jumla ya maji yanayotumika huongezeka kwa karibu asilimia 0.94 kila mwaka, na baada ya miaka 30 yamepanda kwa asilimia 32. Ripoti zote 30 zitakuwa zimeandika "maendeleo". Dari hupimwa kwa jumla, kamwe si kwa uwiano. Amsterdam, iliyoichukua donati mwaka 2020, iliweka lengo la aina hiyo: kupunguza kwa nusu matumizi ya malighafi mpya ifikapo 2030.

Kuupitisha mradi kwenye jedwali

Jedwali likishakamilika, kila mradi mkubwa upitishwe humo kabla ya fedha kutengwa. Mahali pa kukazia macho ni kiwango cha punguzo, ile asilimia inayotumika kushusha thamani ya mambo ya miaka ijayo. Hasara ya 1,000,000 itakayotokea baada ya miaka 50 huhesabiwa leo kuwa kama 34,000 kwa kiwango cha asilimia 7, kama 228,000 kwa asilimia 3, na kama 608,000 kwa asilimia 1. Mradi uleule unaweza kupita au kukataliwa kwa sababu ya tarakimu moja iliyojificha kwenye kiambatisho. Hazina ya Uingereza hutumia asilimia 3.5 kwa miaka 30 ya kwanza kisha hukishusha kwa miaka inayofuata. Dai hesabu kwa viwango vitatu, vikiwa ukurasa wa mbele.

Vitu visivyoweza kurudishwa, kama chanzo cha maji ya chini ya ardhi au ardhi oevu, visiwekewe bei. Viwe masharti: mradi ukivigusa umekwama, hata faida yake ikiwa kubwa namna gani. Ukishaviwekea bei, atapatikana wa kuilipa.

Kisha ongeza ukurasa mmoja wenye safu tatu: nani anafaidi, nani anagharimika, lini. Mara nyingi ukurasa huo ndio unaosomwa kuliko yote.

Yanayoharibika baada ya hapo

Kishawishi kikubwa ni kuunganisha viashiria vyote kuwa alama moja. Kataa. Alama moja huruhusu mapato mazuri kufunika mto uliokufa, na uzito wa kila kiashiria huwa siasa iliyovaa koti la hesabu.

Kiashiria kikishageuka kuwa lengo la kupandishia watu vyeo, kitachezewa. Bomba litahesabiwa kuwepo hata kama limekauka. Dawa yake ni kukipa kila kiashiria mwenza anayekikagua: idadi ya mabomba pamoja na siku zilizokuwa na maji, uandikishaji shuleni pamoja na mahudhurio yaliyohesabiwa bila taarifa.

Viongozi hubadilika, nalo jedwali huondoka nao. Wales ililizuia hilo kwa sheria ya mwaka 2015 inayozitaka taasisi za umma ziweke na kutangaza malengo ya ustawi, na kumteua kamishna wa vizazi vijavyo. Pasipo na sheria, kanuni ndogo ya vikao inasaidia: hakuna rasimu ya bajeti itakayopokelewa bila jedwali kuambatishwa.

Rudia vipimo vya utawala (vinavyotoka kwenye rekodi za ofisi) kila mwaka, dodoso la kaya kila baada ya miaka mitatu. Swali likibadilishwa maneno, uliza la zamani na jipya kwa pamoja katika mzunguko mmoja, kila moja kwa nusu ya sampuli, ili mabadiliko ya dodoso yasisomwe kuwa mabadiliko ya maisha.