Dola ya zamani yenye muhuri wa rangi: namna ya kuisoma na kuipa bei

Watu huniletea dola za zamani zilizokataliwa kwenye maduka ya kubadilisha fedha, na swali ni lile lile: "Hii ya muhuri mwekundu ni mali?" Huenda ni mali, ila rangi peke yake haitoshi. Kwanza nawatoa hofu: Marekani haijafuta noti yake yoyote iliyotolewa tangu 1861, kwa hiyo kule kwao inabaki na thamani iliyoandikwa.

Hatua ya 1: Usiisafishe. Usiioshe, usiipige pasi. Nilipoanza niliipiga pasi noti ya dola 5 ili mikunjo iondoke. Mnunuzi aliiinamisha kwenye mwanga wa dirisha, mikunjo yote ikaonekana, na wino ulioinuka, ule unaousikia kwa kidole, ulikuwa umelala. Akanirudishia. Bado inaniuma.

Hatua ya 2: Soma muhuri pamoja na maandishi ya juu. Nazungumzia muhuri wa Wizara ya Fedha upande wa mbele, kwa noti za ukubwa wa leo, yaani kuanzia toleo la 1928. Kijani ni noti ya kawaida ya Federal Reserve, yaani benki kuu ya Marekani. Nyekundu ni UNITED STATES NOTE. Buluu ni SILVER CERTIFICATE, na sisi tunaielewa upesi maana kwetu fedha ni pesa na ni madini pia: mwenye noti hiyo aliweza kudai madini yenyewe hadi Juni 24, 1968. Kahawia ya toleo la 1929, yenye jina la benki upande wa kushoto, ndiyo ninayoipenda zaidi. Noti mbili zinazofanana hupishana bei sana kwa sababu moja ni ya benki ya mji mdogo, na wakusanyaji wa huko hutafuta za kwao.

Hatua ya 3: Zichunguze noti za vita. Baada ya Wajapani kushambulia Pearl Harbor, bandari ya kijeshi ya Marekani huko Hawaii, Desemba 1941, serikali ilihofia wangeteka visiwa hivyo na kuondoka na dola. Mwaka 1942 zikatolewa noti zenye neno HAWAII, dogo kwenye ncha mbili za mbele na kubwa mgongoni. Muhuri kahawia, namba kahawia. Askari waliopelekwa Afrika Kaskazini walipewa za muhuri wa njano na namba za buluu. Zikiangukia mikononi mwa adui, zingetambulika na kufutwa.

Hapa wadanganyifu ni wengi. HAWAII juu ya noti ya muhuri wa buluu ni neno lililogongwa baadaye. Muhuri wa njano nao huweza kutengenezwa kwa kemikali, kwa hiyo chukua lenzi utazame karatasi inayouzunguka: ikiwa na doa au imepauka, iache.

Hatua ya 4: Tafuta nyota na herufi. Nyota kwenye namba ina maana noti ilichapwa kuziba nafasi ya iliyoharibika kiwandani. Herufi inayofuata mwaka wa toleo, mfano 1935A, nayo hubadilisha bei.

Hatua ya 5: Hesabu mikunjo. Vipimo vya hali ya noti huanzia 1 hadi 70. Mkunjo mmoja katikati tayari umeitoa noti kwenye daraja la mpya. Tazama pembe, matundu ya pini, na mipasuko ya ukingoni.

Hatua ya 6: Tafuta bei iliyolipwa. Bei anayoomba muuzaji si bei. Kumbukumbu za Heritage, kampuni ya mnada ya Marekani, zinaonyesha kiasi kilichotolewa kweli. Dola 1 ya buluu ya 1957 iliyotumika huzidi dola moja kwa kiasi kidogo tu, kwa hiyo usiipeleke PMG, kampuni inayopima noti na kuzipa daraja, kupimwa. Ada na posta vitaimeza. Ya njano iliyo safi, ipeleke.

Wakati unasubiri mnunuzi, itie kwenye mfuko wa Mylar, plastiki angavu isiyotoa mafuta. Mifuko laini ya plastiki ya PVC hutoa mafuta yanayoshika kwenye karatasi, na kwa joto la Pwani haichukui muda.