Somo: Jinsi ya Kupima Kama Nchi Iko Tayari kwa Akili Unde Yenye Maadili

"Mfumo umekataa, mzee."

Mwaka juzi nilikuwa kwenye foleni ya ofisi moja ya umma huku Pwani, nyuma ya mzee aliyekula ujana wake akipasua mawe. Karani alimfuta kidole gumba kwa kitambaa, akakibonyeza kwenye kioo kidogo cha mashine. Taa nyekundu. Akafuta tena, nyekundu. Mara ya tatu ndipo akamwambia maneno hayo, na mzee akauliza swali ambalo sijalisahau: "Basi nimwone nani?" Karani akatazama kushoto, akatazama kulia. Hakukuwa na wa kuonwa.

Somo hili ni la kulipeleka swali la yule mzee kwa nchi nzima. Wengi mmeniandikia mkiuliza tathmini hizi za utayari wa nchi kwa akili unde (AI) hufanywaje. Nitaieleza kazi kwa mfano wa Kenya, kwa sababu ndiko ninakoijua mitaa na mahakama zake.

Hatua ya 1: Jua unapima nini

Novemba 2021, nchi wanachama 193 wa UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, sayansi na utamaduni lenye makao Paris, zilipitisha Pendekezo kuhusu Maadili ya Akili Unde. Mwaka 2023 shirika hilo likatoa mbinu ya kutathmini utayari, maarufu kwa herufi tatu, RAM. Maswali yake yamegawanywa katika nyanja tano: sheria na udhibiti, jamii na utamaduni, sayansi na elimu, uchumi, kisha ufundi na miundombinu.

RAM haipangi nchi kwa nafasi. Ukitaka msimamo wa ligi, kampuni ya ushauri ya Oxford Insights ya Uingereza hutoa wa kwao kila mwaka kuhusu serikali mbalimbali. Msimamo wa ligi utakuonyesha timu yako iko ya ngapi, lakini beki anayepitwa kila mechi hautakutajia jina. Sisi tunamtafuta huyo beki.

Hatua ya 2: Unda timu, na usiiachie wizara ya mawasiliano peke yake

Wataalamu wa kompyuta wawepo, ndiyo. Lakini weka pia wakili, mtu wa takwimu, mwalimu, mtu wa vyama vya wafanyakazi, mtu wa vyama vya watu wenye ulemavu, na karani mmoja wa kaunta. Karani msimsahau. Waziri atakueleza mfumo unavyotakiwa kufanya kazi. Karani anajua hufanya nini saa tano asubuhi mtandao ukilegea.

Hatua ya 3: Orodhesha mifumo iliyopo tayari

Watu huruka hatua hii kwa kuwa haina semina. Zunguka: nani anatumia mashine kulinganisha alama za vidole, nani anakadiria mkopo kwa programu ya simu, polisi wana kamera gani barabarani, mamlaka ya kodi inachaguaje wa kukaguliwa. Kwa kila mfumo andika mambo manne: nani aliuuza, data inalala wapi, nani anaweza kuubatilisha uamuzi wake, na aliyeonewa aende wapi. Ukikosa jibu, acha nafasi wazi. Usiijaze kwa adabu.

Hatua ya 4: Sheria (kaa hapa)

Kosa kubwa nililoliona kwenye rasimu za watu ni kuandika "ipo" na kusonga mbele. Sheria ipo, alama ya vema. Ofisi ipo, alama ya vema. Kanuni yangu ni moja, nami huisimamia kwenye nyanja zote tano: ukiambiwa "tunayo", uliza ilitumika lini mara ya mwisho, na ilimzuia nani.

Tuipime Kenya hivyo. Sheria ya Ulinzi wa Data ni ya 2019. Kifungu cha 35 kinampa mtu haki ya kutoamuliwa jambo zito na mashine peke yake. Kifungu cha 31 kinataka tathmini ya athari ifanywe kabla ya kuanza kuchakata data kwa namna yenye hatari kubwa. Maneno mazuri. Je, yamewahi kuuma?

Yameuma. Januari 2020 Mahakama Kuu ilizuia kukusanya DNA na mahali watu wanapoishi kwa GPS katika Huduma Namba, mpango wa serikali wa kitambulisho cha kidijitali, ikataka kwanza kuwe na kanuni kamili. Kisha Oktoba 2021 mahakama hiyohiyo ikabatilisha utoaji wa kadi za Huduma kwa sababu kifungu cha 31 kilirukwa: tathmini ya athari haikufanywa. Aliyezuiwa hapo ni serikali yenyewe. Huo ni ushahidi unaoweza kuuandika kwa wino.

Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data nayo? Septemba 2023 ilitoza faini za jumla ya shilingi 9,375,000 kwa taasisi tatu: mkopeshaji wa fedha kwa programu ya simu, klabu ya burudani iliyobandika picha ya mteja mtandaoni, na shule iliyobandika picha za watoto bila idhini ya wazazi. Kubwa kuliko zote ilikuwa ya shule. Andika hiyo pia.

Sasa upande wa pili wa shilingi. Hadi Agosti 2023 Worldcoin, mradi wa sarafu za kidijitali, walikuwa wakipiga picha mboni za macho ya Wakenya kwa kifaa cha mviringo, malipo yakiwa sarafu zao. Mwishoni mwa Julai 2023 malipo yalikuwa na thamani ya takriban shilingi 7,000, na foleni pale jumba la mikutano la KICC, Nairobi, zikajipinda kama za uchaguzi. Tarehe 2 Agosti serikali ikasimamisha zoezi. Kampuni iliyokuwa nyuma yake ilikuwa na cheti cha usajili kutoka kwa Kamishna. Mei 2025 ndipo Mahakama Kuu ikaamuru data hiyo ifutwe. Hesabu mwenyewe: karibu miaka miwili toka kusimamishwa hadi amri ya kufuta. Kwa hiyo kwenye ripoti yangu Kenya ina meno, ila huuma baada ya mfupa kumezwa.

Mkakati wa Taifa wa Akili Unde wa 2025–2030, uliozinduliwa Machi 2025, uuweke kwenye ukurasa wake. Mkakati ni nia. Huwezi kumshtaki mtu kwa kuvunja nia.

Hatua ya 5: Jamii na utamaduni

Hapa tahadhari na takwimu za laini za simu. Ukigawa laini kwa idadi ya watu Kenya unapata zaidi ya asilimia 100, ukadhani kila ng'ombe ana simu. Sensa ya 2019, iliyouliza watu badala ya laini, ilikuta asilimia 22.6 tu ya wenye miaka mitatu na zaidi wakitumia intaneti. Tangu hapo wameongezeka, lakini funzo ni lilelile: hesabu watu. Kisha wagawe: mjini na mashambani, wanawake na wanaume.

Uliza pia mashine ilijifunzia kwa nani. Mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima programu tatu zinazokisia jinsia kwa kutazama uso. Kwa wanaume weupe kosa halikuzidi asilimia 0.8, kwa wanawake weusi lilifika asilimia 34.7. Nchi ya watu weusi inayonunua kamera bila kudai jedwali kama hilo kutoka kwa muuzaji haijawa tayari, hata ikiwa na sheria kumi.

Na lugha. Kiswahili kina bahati kiasi. Watu wamejitolea sauti zao kwenye mradi wa Common Voice wa Mozilla. Mpokomo na Mrendille je?

Hatua ya 6: Elimu, uchumi, nyaya

Zipite haraka, majedwali yake yanajieleza. Mambo mawili tu. Kwenye uchumi usihesabu kampuni changa pekee. Hesabu na vijana wa Nairobi wanaochambua maandishi na picha za kutisha ili mashine za ng'ambo zijifunze. Uliza mishahara yao, na ushauri nasaha wanaopewa. Kwenye miundombinu, kumbuka tarehe mbili: 25 Agosti 2023, Kenya karibu nzima ilipoingia gizani pamoja na uwanja wa ndege wa JKIA, na 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini na intaneti ya Afrika Mashariki ikalegea. Kama huduma inategemea mashine iliyo ng'ambo, siku kama hizo wagonjwa na wastaafu wanahudumiwaje? Kama jibu ni "daftari", afadhali. Wapo wasio hata na daftari.

Hatua ya 7: Ripoti

Usijumlishe alama. Nyanja tano zikipewa wastani, kaburi na bustani vinakuwa shamba moja. Andika udhaifu kwa jina, ofisi inayohusika, na tarehe ya kuurekebisha. Itisha kikao cha uhakiki na uwasome watu rasimu kwa lugha wanayoizungumza. Niliwahi kukaa kwenye kikao ambapo wavuvi walisomewa kurasa arobaini za Kiingereza, wakapiga makofi, wakaenda kula. Kilihesabiwa kuwa mashauriano.

MASWALI YA WANACHAMA

Fundi Kompyuta: Mwalimu, mashine ya vidole si akili unde. Unachanganya mambo.

Jibu: Kulinganisha alama za vidole ni mashine kukisia kwamba ruwaza hii na ile ni za mtu mmoja, na kuna mtu aliyeamua kiwango cha kukubali na kukataa. Uite jina upendalo. Sijaona mzee akikataliwa kwa adabu zaidi kwa sababu programu ni ya zamani.

Mwalimu wa Tanga: Na sisi huku Bara?

Jibu: Kanuni ni ileile. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni ya 2022, ilianza kutumika 1 Mei 2023, na Tume ipo. Anza na maamuzi ya Tume: malalamiko mangapi, yaliishaje, nani aliambiwa aache. Kama hamuyapati hadharani, hilo lenyewe ni jibu la kwanza la ripoti yenu.

Binti Lamu: Kwa nini tujipime kwa kipimo cha Paris?

Jibu: Swali la haki. Pendekezo lilipitishwa na serikali zetu pia, kwa hiyo ni ahadi yao kwetu, na mwenye ahadi hudaiwa. Maswali yakipungua, ongezeni. Umoja wa Afrika nao uliidhinisha mkakati wake wa bara Julai 2024; ushikeni pamoja na Pendekezo hili.

Mtu wa Kikundi: Sisi ni watu saba na hatuna bajeti. Tufanye hatua gani?

Jibu: Ya tatu, kwenye kaunti yenu tu. Chagueni mfumo mmoja. Kenya kuna Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Ombi lijibiwe ndani ya siku 21. Pelekeni barua kwa mkono, nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa, siku zianze kuhesabiwa hapo. Wakikataa, Tume ya Haki ya Utawala ndiyo mnayoiendea.

Mwanachama mwingine: Akili unde au akili mnemba?

Jibu: Mwalimu wa Tanga akisema mnemba na mimi nikisema unde tunaelewana. Tusipoteze jioni.

Mama Zawadi: Yule mzee alihudumiwa?

Jibu: Siku ile, hapana. Nilipofuata karatasi zangu wiki iliyofuata karani aliniambia alirudi na mwanawe, wakajaribu vidole vyote, cha kati cha mkono wa kushoto kikakubali. Nikamuuliza kama wana mahali wanapoandika waliokataliwa. Akacheka, akaita anayefuata.