Kabla hujagusa inteki ya gari yako ya turbo huku Mbeya, pitia haya kwanza

Siku hizi kila mwenye Forester au Impreza ya turbo pale Mwanjelwa anataka kubadilisha inteki, yani njia ya hewa kuingia kwenye injini: ang'oe boksi la eaklina la kiwandani aweke filta ya koni na bomba la alumini linalong'aa. Sawa, hela ni yako. Ila kuna vitu inabidi viwe vimekaa sawa kabla hujashika spana, na ukiruka hata kimoja usije kutusumbua tukuchangie injini.

Injini iwe nzima, hilo halina mjadala. Pima kompresheni silinda zote, kama moja iko chini ya wenzake acha mambo ya inteki kashughulikie hiyo. Oili mpya, plagi mpya, kulanti ijae, intakula (ile inayopoza hewa ya turbo) isiwe imejaa oili. Gari inayokula oili haitakiwi kuongezewa hewa, inatakiwa kwenda kwa fundi.

Afu ujue unatafuta nini. Inteki peke yake kwenye gari ambayo vingine vyote ni vya kiwanda inakupa mlio zaidi kuliko nguvu, hilo hawakwambii wanaokuuzia. Boksi la kiwandani likiwa na filta mpya ya karatasi, ya maana, linatosha kabisa mpaka siku utakapobadilisha turbo kubwa. Tena ile koni ukiiacha wazi ndani ya boneti bila kizuizi cha joto inavuta hewa iliyochemka kutoka kwenye turbo na rejeta, yani umelipa hela ili injini ivute hewa ya moto wakati nje kuna baridi fijo ya mwezi wa 7. Kama lazima uweke, tengeneza kibati kikinge joto na uvute hewa kutoka mbele au kwenye fenda.

Hozi. Hizi gari zimezeeka jamani, raba za kiwanda zimekauka. Kwenye Subaru kuna lile bomba linaloingiza hewa kwenye turbo, limepita chini ya inteki manifoldi, likipasuka hulioni mpaka ufungue manifoldi yote, na watu wanabadilisha filta na kila kitu wakati kule chini kuna mpasuko unavuta hewa ambayo kontroboksi, yani kompyuta ya injini, haijaihesabu. Kabla ya kununua chochote ziba mdomo wa inteki, ingiza upepo wa kompresa taratibu, presha ya psi 15 inatosha, mwagia maji ya sabuni kwenye kila kiungio. Panapotoa mapovu ndio pa kuanzia. Klempu nunua zile za bolti sio zile nyembamba za kukaza na bisibisi, zile zinaachia busti, yani presha ya hewa inayosukumwa na turbo, ikipanda.

Sasa vumbi. Huku kwetu kuanzia mwezi wa 8 mpaka mvua zianze vumbi sio la mchezo, na sahivi na huo upanuzi wa njia nne kutoka Nsalaga kwenda Ifisi ndo kabisa, ukikaa kwenye foleni Mafiati unaona kabisa gari imebadilika rangi. Filta ambayo haijakaa vizuri kwenye mdomo wake inapitisha mchanga laini moja kwa moja kwenye feni ya turbo, inazunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika ile, mchanga unaisaga ncha za mapanga alafu unaenda kukwangua kuta za silinda. Kipimo ni rahisi, chukua kitambaa cheupe safi futa ndani ya bomba, upande wa baada ya filta. Kikitoka na vumbi, hiyo filta ni pambo. Zile filta za pamba za kuosha na kupaka mafuta ni nzuri lakini watu wanazimwagia mafuta mpaka zinadondosha, yale mafuta yanaenda kuganda kwenye waya wa sensa ya eafloo, ile inayopima hewa inayoingia, na gari inaanza kuzingua. Paka kidogo, acha ikauke, ndo ufunge. Na fundi akitaka kupuliza ile sensa na upepo wa kompresa mkatalie hapohapo, kale kawaya ni kembamba kuliko anavyodhani, kuna dawa yake ya kupulizia.

Hapo kwenye eafloo ndo nilitaka tufike. Watu wanaona inteki ni bomba tu la kupitisha hewa. Kwenye gari nyingi za turbo bomba hilo ni kipimo. Sensa inapima hewa inayopita pale ilipo yenyewe, alafu kontroboksi inapiga hesabu ya hewa yote kwa kujua upana wa bomba la kiwandani. Ukitoa bomba la milimita 70 ukaweka la 76 unaona umeongeza kidogo tu, kumbe nafasi ya ndani imeongezeka karibu asilimia 18, hewa inapita taratibu zaidi mbele ya sensa, sensa inasema hewa ni kidogo, kontroboksi inatoa mafuta kidogo. Ukiwa unaendesha kawaida sensa ya oksijeni inarekebisha na hata hushtuki. Ukikanyaga mpaka mwisho haisikilizwi tena vile, na hapo ndipo unapohitaji mafuta ya kutosha, hewa 11 mpaka 12 kwa mafuta 1, wewe unaenda umekauka. Kwa hiyo bomba likibadilika upana, programu ya kontroboksi lazima ibadilishwe kwa bomba HILO, sio ya rafiki yako.

Kuna jamaa yangu mmoja wa Soweto, kijana mpole, ana Forester SG5 ya turbo, gia za manyo. Alipeleka kwa fundi mmoja wa laptopu, simtaji, akafungiwa inteki pana, akafungiwa na kile kikoki cha mkono cha kupandisha busti, alafu jamaa akamwekea programu aliyoitoa kwenye gari nyingine kabisa na akazima ile kinga ya kukata mafuta busti ikizidi maana ilikuwa inamkera. Wakaingia barabarani, Uyole kurudi, geji inasoma psi 16, gari inavuta hatari. "Bosi hapa umemaliza, hakuna wa kukugusa." Na kweli huku hakuna aliyemgusa, miezi kadhaa, milima yote ya Tukuyu anapanda kama hakuna mlima.

Akapata harusi Dar. Yeye, mke wake, na mama mkwe nyuma. Makambako freshi, Iringa freshi, wakashuka Kitonga salama, Ruaha Mbuyuni wakaanza kufungua vioo kwa joto. Walipoiacha Morogoro wanaitafuta Chalinze akataka kuipita semi treila, akashusha gia akakanyaga mpaka mwisho, ndo akasikia kama kokoto zinatikiswa ndani ya kopo. Akadhani ni treila. Akaendelea kukanyaga. Alipomaliza kuipita gari ilikuwa inatetemeka na nyuma kuna moshi wa bluu, mama mkwe akaanza kusali. Ilivyofunguliwa, pistoni moja imevunjika pale zinapokaa ringi. Hafu injini ingine, mamilioni, na harusi wakaingia na basi.

Alimpigia yule fundi simu nikiwepo. Jibu lilikuwa "bosi, si huku Mbeya ilikuwa inaenda vizuri?" Na ndo hicho sasa, hakudanganya, ILIKUWA inaenda vizuri. Tatizo ni kwamba Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, hewa yenyewe ya huku inakandamiza kama psi 12 tu, Dar ni 14.7. Geji ya busti inasoma ile ya kuzidishia juu ya hewa ya nje. Kwa hiyo 16 ya Mbeya ni 16 juu ya 12, injini inapata 28. Ile 16 ileile ya kikoki ukishuka nayo pwani ni 16 juu ya 14.7, inakaribia 31, na hewa inayoingia ni ya joto, na mafuta bado yanapimwa na sensa inayodanganya. Huku juu hewa nyepesi ilikuwa inamfichia kosa la fundi. Kule chini injini ikaanza kugonga, ndo zile kokoto alizosikia, na kinga alishazimiwa.

Kwa hiyo kabla laptopu haijafunguliwa mwambie fundi gari inalala wapi na inasafiri wapi. Akikujibu "haina shida" bila kuuliza swali, funga boneti ondoka. Anayejua atakuuliza geji ya hewa na mafuta utaifunga wapi, atataka kurekodi data ukiwa umekanyaga, ataacha nafasi ya usalama kwa ajili ya kushuka mpaka pwani, na busti ataipanga kwa presha kamili sio ile ya geji tu. Kinga ya kiwandani ataisogeza, hataizima. Kama una kikoki cha mkono, punguza psi 3 kabla hujashuka, ukirudi pandisha. Na huna haja ya kwenda kujaribia Dar, shuka Kyela, kule ni kama mita 500 tu na joto lipo, rekodi data ukiwa kule, ukiona injini inagonga au mafuta yanapungua rudi taratibu bila kukanyaga. Na kinyume chake pia kipo, ukiikaza turbo huku ili ifikie presha ya Dar inabidi izunguke kasi zaidi na hewa inatoka ya moto zaidi, turbo ndogo ya kiwanda haipendi hiyo.

Mengine kwa haraka. Ile valvu ya "pshiii" inayotoa hewa nje, kwenye gari yenye eafloo inatupa hewa ambayo imeshahesabiwa, kila ukibadili gia mafuta yanazidi, plagi zinakuwa nyeusi. Rudisha ile inayorudisha hewa ndani, ukitaka mlio weka redio. Filta usiishushe chini kwenye bampa kama unapita Tukuyu na Kyela kipindi cha mvua, dimbwi moja tu injini inakunywa maji, na maji hayabanwi, koneksheni rodi inapinda. Mafuta weka kituo kilekile ulichojazia wakati programu inapangwa. Wa dizeli wenye Hilux, sensa kwenu ni hadithi nyingine lakini vumbi ni lilelile.

Breki kwanza kabla ya nguvu, jamani, miteremko ya Mlima Nyoka na Inyala mnaijua. Matairi ya mwaka gani hayo? Bima nayo waambie umebadilisha nini, wasije kukuruka siku ya siku. Na ukimuazima mdogo wako gari mwambie kabisa kwamba hii imeshaguswa, asikanyage kabla haijapata joto, asishindane na mabasi ya asubuhi, afike, akuache ndo uizime mwenyewe